Kumpeleka Ng'ombe Mnono Chole

Binti yangu Mwanahawa alifia uzazini huko Chole, akaacha mtoto wa kiume. Habari zikatufikia Sofu kwamba kichanga analishwa uji mwepesi na hauteremki. Ndiyo maana mimi na mdogo wangu Mbaraka tukafunga safari na ng'ombe wa kizungu, tuliyeuziwa na Mwingereza wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa mnono, mgongo umenyooka kama meza, kiwele kimejaa. Mbaraka alimpigapiga ubavuni akasema, "Kaka, huyu kwa unono huu anafika mpaka Lindi." Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Alfajiri tuliondoka kukiwa na ubaridi, ng'ombe akatembea vizuri. Jua lilipopanda akaanza kuhema mdomo wazi, mate yakimdondoka. Tulimpumzisha kila penye kivuli, lakini mtoto alikuwa na njaa, hatukuweza kukaa sana.

Adhuhuri, karibu na Kisarawe, ng'ombe alianguka mbele ya nyumba ya Bi Zena, mjane mfugaji.

"Jamani, mnamswaga na jua lote hili?"

"Tuna mjukuu mchanga Chole, Bibi. Hana mama."

Alileta maji mbio, tukammwagia. Hakuinuka. Mbaraka akawahi kumchinja asije akafa kibudu.

Tulipomchuna nikaona mafuta yamemzunguka chini ya ngozi mwili mzima, kama mtu aliyejifunika blanketi juani. Pembeni, ng'ombe wa Bi Zena alisimama kwenye jua hilohilo akicheua, mbavu zote nje.

"Wetu mafuta wanayaweka nunduni," alisema Bi Zena. "Mwili unabaki na pa kutolea joto. Mchukueni huyu na ndama wake. Maziwa yake kibuyu kimoja tu, lakini atafika."

Kesho yake alasiri ng'ombe huyo alifika Chole, hata kuhema hahemi. Uani watu walikuwa wamekaa mikekani. Mkwe wangu akanishika mkono.

"Baba, mtoto tumemzika asubuhi."

Nililia mbele za watu, sikujali. Nyama ya yule mnono, tuliyoibanika kwa Bi Zena isioze, ikapikwa matangani.

Tukamswaga ng'ombe wa Bi Zena na ndama wake kurudi Kisarawe. Nilikuwa nimejifunza kwamba unono si nguvu, inategemea mafuta yamekaa wapi mwilini, na elimu hiyo sikuwa na wa kumsaidia nayo. Bi Zena alituona tunamrudisha ng'ombe, akaja kutupokea. Alimfungua ndama akamwacha anyonye, nasi tukasimama pale tukimtazama mpaka akashiba.