Nilivyomhamisha Eeddo kwa Namba Tisa

Wallahi, uso unaniwaka hata ninapoandika.

Kazi yangu Garissa ni kupima radoni, gesi isiyoonekana inayotoka ardhini na kudhuru mapafu. Nilipokwenda Habaswein kumsalimia shangazi yangu, Eeddo Habiba, nilibeba mashine ili aone mtoto wa kaka yake amesoma. Niliiacha chumbani mwake siku nzima. Ikaandika tisa.

Tisa ni kidogo mno. Lakini majirani walikuwa wamejaa wakiningoja, nami nikakunja uso kama daktari. "Eeddo, humu mna gesi."

Siku hiyohiyo akahamishia kitanda uani, kwenye aqal, kibanda cha mikeka. Magoti yake ni mabovu, na wiki nzima mvua ilinyesha. Mimi nililetewa maziwa ya ngamia kwa heshima, nikanywa.

Ijumaa akaniita mbele ya watu. "Pima na huku."

Nikapima. Kumi na moja.

"Sasa nihamie wapi? Tumboni mwa ngamia?"

Watu wakacheka. Ikabidi niseme kweli: mashine hii huandika namba ndogo hata pasipo na gesi, leo saba, kesho kumi na mbili. Tisa yangu haikuwa na tofauti na sifuri.

Kicheko kikakatika. "Na siku ile ulijua?"

"Nilijua, Eeddo."

Akainama, akashika kitanda akirudishe ndani mwenyewe. Nilipokimbilia kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

"Wewe kaa. Endelea kupima."