Weusi Wenye Mimba

Mama mkwe wangu Hilaria hakujua kusoma, lakini kundi likirudi limepungua mnyama mmoja, alikutajia jina lake kabla hujamaliza kuhesabu. Alichunga alpaka, wanyama wa sufi walio ndugu wa lama na ngamia, miaka hamsini kwenye nyika yetu ya juu, chini ya mlima wa barafu, na mpaka leo sijaona mtu mbishi kama yeye. Mimi mwenyewe si mpole. Tuliishi jiko moja miaka ishirini.

Mwaka ninaousema, ubishi ulikuwa juu ya Yana. Kwa lugha yetu yana ni mweusi, na ndivyo pia mtu anavyomwita mwenzi wake wa moyoni. Huyu alikuwa alpaka jike, mweusi tititi, wa mwisho mwenye rangi hiyo kundini, maana wanunuzi wa sufi wanataka nyeupe inayokubali rangi. Misimu miwili hakuzaa. Mume wangu Florentino akaamua: Juni akija Wenceslao mchinjaji, Yana aende naye.

"Ana mimba huyo," Hilaria akasema.

"Mama, mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikosea. Kwani wewe hukosei?"

Kwetu jike hupimwa kwa mate. Unampelekea dume, asiye na mimba hulala chini, mwenye mimba humtemea. Machi kazi hiyo niliifanya peke yangu, kwa sababu goti la mama mkwe lilikuwa limevimba. Nikarudi nikasema Yana kalala, tasa yule. Nilidanganya. Nilikuwa nataka mabati ya kuezekea jiko letu linalovuja, na pesa ya Yana ndiyo iliyokuwa mabati yangu.

Siku mbili kabla ya mchinjaji kuja, alifika shuleni binti mmoja wa Cusco, Rosalbina, na darubini yake. Tulimwita injinia, kwetu kila mwenye chombo na miwani ni injinia. Baada ya supu ya jioni tukajikusanya uwanjani, tumejifunika mablanketi.

"Mama Hilaria, nionyeshe nyota unazozijua."

Hilaria akanyoosha kidole pale pasipo na nyota, kwenye weusi ulio katikati ya mto wa mbinguni, ule mkanda mweupe wa nyota. "Lama yule. Shingo ile pale, macho yake yale mawili. Na mtoto chini, ananyonya."

"Injinia kauliza nyota, mama," nikasema, "wewe unamwonyesha giza!" Watu wakacheka.

Rosalbina hakucheka. "Pale hapako tupu," akasema. "Ni mawingu ya vumbi, mazito hata mwanga wa nyuma haupenyi. Na nyota huzaliwa ndani ya mawingu kama hayo. Zile changa macho hayazioni. Tunazijua kwa joto lake."

"Kumbe ana mimba."

"Tuseme hivyo, mama."

"Umesikia?" Hilaria akauliza. Aliniuliza mimi, wala si mwanawe. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi ya mchinjaji nilimkuta Hilaria ndani ya boma la mawe, kiganja kimezama kwenye sufi ya tumbo la Yana. Wenceslao alikwisha kumfunga kamba shingoni.

"Bibi, huo mkono umekuwa hospitali?" akamtania.

Hilaria, aliyebishana hata na mvua ya mawe, safari hii hakubisha, akawa anampapasa yule mnyama kama anayemuaga.

"Alitema," nikasema. "Machi. Alimtemea dume mara tatu. Nilidanganya."

Florentino akanitazama, kisha akatazama chini. Wenceslao akafungua kamba yake, akauliza kama tuna dume mzee. Aibu niliyoiona siku ile sijaisahau.

"Najua," mama akasema. "Shali yako ilirudi na madoa ya mate ya kijani. Unadhani nani aliifua?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Neno lilikuwa tumboni mwako, mwanangu. Nilikuwa nangoja ulizae mwenyewe."

Yana alijifungua Januari, saa nne asubuhi, jike jeusi kama yeye. Hilaria akaniachia mimi nimpe jina. Jiko letu linavuja hadi leo.