Mjukuu Niliyemficha Asihesabiwe

Kwetu upande wa Magu, watoto hawahesabiwi. Ng'ombe vilevile. Ukihesabu unakaribisha kifo. Kwa hiyo miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, binti mmoja akapita nyumba kwa nyumba na makaratasi, akiuliza nani anaanguka kifafa. Nilimjibu kavu: "Watoto wapo wa kutosha, na wote wazima."

Mjukuu wangu wa miaka tisa nilikuwa nimemfungia jikoni. Kifafa kilishamtupa motoni mara moja, mkono ukaungua. Majirani walimtengea sahani, eti mate yake yanaambukiza.

Binti hajafika mbali, nikasikia kishindo jikoni. Kaanguka tena. Nilimlaza ubavu mpaka akafumbua macho. Hapo nikajiuliza, mama mzima, ninamficha nani? Kifo kinamjua tayari. Nikatoka mbio.

"We binti! Nilikudanganya. Yupo mmoja!"

"Shikamoo, bibi. Leo wewe ni wa nne kunikimbiza."

"Marahaba. Andika upesi, kabla sijageuka."

Huku kwetu hatukuwa na mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, kwa hiyo watafiti waliomtuma yule binti wakatupeleka Nairobi kwa basi, nauli yao. Mashine yenyewe ni kama pipa lililolazwa. Mtoto alipoingizwa kichwa, niliomba Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, asije akasema hakusikia.

Tuliporudi Mwanza, daktari wao akanionyesha kwa kidole vidoa kwenye picha. "Minyoo ya nguruwe, bibi. Imeingia kichwani, ndiyo inayomwangusha."

"Huyu hajawahi kuonja nguruwe!"

"Si lazima aonje. Mtu mwenye minyoo akijisaidia porini, mayai yanaingia kwenye maji na mboga, mwingine anayameza. Picha moja isingetuambia hayo. Tumeziweka picha zote na makaratasi ya vijiji vyote kwenye kompyuta. Wenye vidoa wengi wanatoka nyumba ambazo nguruwe wanazurura na choo hakuna."

Nguruwe wangu walizurura. Choo changu kilikuwa kichaka.

Nikachimba choo, nikajenga banda. Mtoto akanywa dawa. Namshukuru Mungu, na yule binti wa makaratasi namshukuru vilevile, kwa miguu yake.

Mwaka ukapita bila kuanguka. Daktari akasema anaweza kuingia majini, mradi asiwe peke yake. Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, alipiga mbizi ziwani, akaibuka anacheka, akanirushia maji. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, gauni la kanisani limelowa, na wala sikumgombeza.