Saa ya Lori

Juzi nilimsindikiza Mama kituo cha kupimia majani chai, tukakuta kijana mgombea akiahidi kutugawia mashamba ya kampuni. Mara mawazo yakanirudisha utotoni.

Alasiri moja enzi hizo, mgombea wa chama cha wanyonge alipanda juu ya meza pale pale, akaahidi vivyo hivyo. Hewa ilinukia majani mabichi na matope. Wamama walipiga vigelegele, Mama akacheza mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Mimi nilishajichagulia kilima changu katika mashamba hayo. Halafu lori la kiwanda la kubeba majani likapiga honi kwa kona, na watu wote wakanyakua vikapu wakakimbilia mizani. Mgombea akabaki akituhutubia mimi na mbwa. Nilimpigia makofi kwa nguvu zangu zote, nikijua ameshashinda.

Alishindwa vibaya.

“Si ulicheza kwa ajili yake, Mama?” nikauliza.

“Aliongea vizuri sana,” akacheka. “Lakini ni mtetezi gani wa wanyonge asiyejua saa ya lori?”

Juzi honi ilipolia, yule kijana alikatiza hotuba, akabeba kikapu cha Mama hadi kwa mizani. Safari hii Mama hakucheza. Aliniuliza polepole, “Huyu anaitwa nani?”