Haya ya Fundi Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Fundi Haya, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Fundi, kitasa changu kimegoma, njoo sasa hivi. Haya. Fundi, acha kula kwanza, nimefungiwa nje. Haya. Mkewe alimtania kwamba hata malaika wa mauti akija kumwita, atajibu haya na kuanza kutafuta viatu.

Na watu walimwamini. Mtu anayekupa ufunguo wake umchongee wa pili amekukabidhi nyumba na wanawe waliolala ndani. Fundi alilijua hilo, na ndilo lililompa usingizi mzuri.

Kisha duka la vitambaa likaibiwa bila mlango kuvunjwa. Asubuhi yake, sajini wa kituo cha polisi akasimama mbele ya kibanda cha fundi, wateja wamejaa.

"Fundi, twende kituoni tukaongee kidogo."

"Haya," akasema fundi, akazima mashine.

Kidogo hicho kilikula mchana, kikala usiku, kikala na mchana wa pili. Hakuambiwa kosa. Hakutiwa mahabusu wala kuandikwa popote. Kila alipoinuka kwenye benchi, sajini alimwambia, "Kaa kwanza, mzee wangu," naye akajibu haya, akakaa. Alipoachiwa, mwizi alikuwa keshapatikana: shemeji wa mwenye duka, aliyefungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia fundi hata pole.

Mtaani nako wakasema lisemwalo lipo. Wateja wakaanza kukipita kibanda, vitasa mkononi, kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Jirani yake wa ukuta mmoja akang'oa makufuli yote aliyomtengenezea. Hilo lilimchoma fundi. Akawashtaki polisi, na alichotaka ni kimoja tu: hakimu atamke mbele ya watu kwamba alikamatwa bure.

"Sema ulikataa," mkewe alimsihi kabla ya kesi. "Sema walikuburuta."

"Hawakuniburuta, mama watoto."

Wakili wa polisi alimuuliza kwa upole wa paka.

"Kuna aliyekushika?"

"Hapana."

"Kuna aliyekuambia uko chini ya ulinzi?"

"Hapana."

"Ulipoambiwa twende, ulijibu nini?"

"Nilisema haya."

"Na ulipoambiwa ukae?"

"Haya. Lakini yule ni polisi! Ningemjibu nini?"

Hakimu akasema kukamatwa ni kushikwa, au kuambiwa umekamatwa nawe ukatii. Huyu aliombwa akakubali, na alikuwa huru kuondoka wakati wowote. Kesi ikatupwa. Huru gani huyo, ambaye kila akiinuka anakalishwa? Lakini hakimu alikuwa keshafunga jalada, na sajini anapeana mikono na wakili.

Nje, mkewe alilia kwa hasira. "Wewe umezidi haya, baba watoto, na wao hawana haya hata chembe."

Kibanda kiliendelea kufunguliwa kila asubuhi, na mashine ikaendelea kunyamaza. Siku moja mtu akaja moja kwa moja hadi mezani. Alikuwa sajini yule yule, meno nje, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Fundi wangu! Kufuli la mahabusu limegoma kufunga. Twende kituoni ukatuangalizie."

Alikuwa mteja wa kwanza wiki ile. Fundi alishatia mkono kwenye mkoba wa vifaa, na lile neno lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Akautoa mkono.

"Unanikamata?"

Sajini akaangua kicheko. "Nikukamate kwa lipi, mzee wangu?"

"Basi siendi."

Sajini akaondoka akinung'unika kwamba siku hizi fundi ana kiburi. Fundi akakaa, akaangaza huku na huku. Siku ile aliposema haya, mtaa mzima ulikuwa umesimama pale ukimtazama. Leo amekataa, na hapakuwa na mteja hata mmoja wa kumsikia.