Salamu Zikiisha, Vuta Kistuli

Habari ya msiba ilinikuta Njoro, hapa mjini, kwenye foleni ya sukari. Fundi cherehani aliyesimama nyuma yangu aliniinamia akasema, "Umesikia? Yule daktari mzee wa Sanya Juu amefariki alfajiri." Nikatoka kwenye foleni. Anayejua sukari ilivyo adimu siku hizi ataelewa marehemu alikuwa nani kwangu. Hakuwa ndugu yangu, wala sikuthubutu kumwita rafiki; nilimwamkia shikamoo mpaka mwisho. Lakini miaka yote ambayo mama yangu aliishi baada ya ugonjwa wake mkubwa, mimi naihesabu kuwa zawadi ya mzee yule.

Wasomaji wangu mnaijua adabu yetu. Muulize mtu wa mlimani hali yake, atakwambia ni njema hata kama moshi unatoka paani. Kwanza njema; shida huja baadaye, mgeni akishaketi na kupewa cha kunywa. Sasa raundi ya hospitali haina kuketi. Daktari huingia wodini na msafara wake wa wanafunzi na wauguzi, husimama miguuni pa kitanda, huuliza, "Hujambo mama?" Mama hujibu, "Sijambo." Wakubwa huzungumza Kiingereza chao kidogo, faili hufungwa, msafara huhamia kitanda cha pili. Hapo mgonjwa ameitikia salamu kama alivyolelewa, na daktari ameandika kwamba ana nafuu. Hakuna aliyesema uongo, na bado mtu anaweza kufa.

Mama yangu alikaribia kufa hivyo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Azimio, tulipomteremsha kutoka Masama akikohoa na kuishiwa pumzi, wakamlaza hapa mjini na kumtibu kifua. Raundi ilipoanza ndugu tulitolewa nje, nami nikabaki barazani, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Nilimsikia marehemu, siku hizo mtu mzima tu, mzaliwa wa upande wa ziwani, akisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wewe je?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Poleni ninyi na kazi."

Msafara ukacheka kwa furaha. Kijana mmoja akasema mama huyu aruhusiwe, kitanda kinahitajika, na wenzake wakaanza kusogea. Daktari hakusogea. Alivuta kistuli, akaketi, akasema, "Mama, salamu tumemaliza. Sasa niambie, kesho ukifika nyumbani utaanza na kazi gani?"

"Si ile ile tu? Nishuke porini nikakate majani ya ng'ombe."

"Na kupanda nayo mlima, mzigo kichwani?"

"Siku hizi napumzika njiani."

"Unapumzika wapi?"

"Kila penye jiwe."

"Na usiku unalalaje?"

"Nakaa, baba. Naegemea ukuta. Nikijinyoosha naona kama maji yananijaa hapa kifuani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipochuma kahawa."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, mwanangu. Mlinisalimia."

Mimi mwanawe sikuwa nikijua. Hakuruhusiwa siku ile. Walimpima upya, ikaonekana ugonjwa ulikuwa wa moyo, wakabadilisha dawa. Alirudi Masama akatembea tena kihambani mwake, kati ya migomba na mibuni, ingawa ng'ombe ilibidi ahamie kwa shemeji, jambo alilolinung'unikia mpaka anaingia kaburini. Aliwabeba wajukuu ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa. Na kila Krismasi alinituma nimpelekee daktari mkungu wa ndizi, ndiyo sababu nikafahamiana naye.

Siku moja nilimuuliza ule ujanja aliupata wapi. Alicheka. "Hata kwetu ziwani ni hivyo hivyo," alisema. "Mgonjwa akituona anadhani bado yuko mlangoni kwake, anakaribisha wageni. Akikujibu juu ya hali yake atakuficha. Muulize juu ya jembe lake, hatakuficha." Nimeyawaza sana maneno hayo wakati huu ambapo wagonjwa wanakwenda wodini na shuka zao na dawa zinatafutwa kwa tochi. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Lakini swali la pili haliagizwi kwa fedha za kigeni. Tunaitana ndugu mchana kutwa, maofisini na mikutanoni, na ndugu anayesubiri jibu ni wa kutafuta.

Mwezi uliopita mzee mwenyewe alilazwa, nikaenda kumwona. Raundi ilikuwa imechelewa, ikatukuta wageni bado tumo. Daktari kijana akasimama miguuni pa kitanda. "Shikamoo, mzee. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo kabisa," akajibu mzee wangu, yeye huyo huyo, na kijana akafungua kalamu.

Nilishindwa kuvumilia. "Daktari," nikasema, "amekuitikia salamu tu. Muulize tena."

Mzee alinikata jicho, kisha akaangua kicheko mpaka akakohoa. Yule kijana, Mungu ambariki, hakuninunia. Aliweka faili kitandani, akavuta kistuli. "Mzee, usiku unalalaje?"

Kicheko kikaisha. "Silali, mwanangu," akasema. "Tangu nyumbani mgongo unauma mpaka nauma shuka, mke wangu asisikie."

Dawa ya maumivu ilipatikana, sijui kwa kuhangaika kiasi gani. Kupona hakupona. Ila mkewe ananiambia wiki zake za mwisho alilala, na alfajiri ile aliondoka akiwa usingizini. Kwangu hilo ni deni lililolipwa kidogo tu, maana ninalodaiwa naye lilikuwa kubwa.

Mgonjwa atasema hajambo. Ndivyo alivyolelewa, na tusimlaumu. Kazi ya kuvuta kistuli ni ya yule aliyemuuliza.