Mpiga Simu wa Ukoo

Katika ukoo wao, upande wa Malava, hakuna aliyefurahi kuona jina la Mwalimu Phineas kwenye simu yake. Aliyekuwa akila aliacha tonge. Aliyekuwa kwenye pikipiki alisimama kando ya barabara, akazima injini, akavuta pumzi, ndipo akashika. Si kwamba Phineas alikuwa mtu mbaya. Alifundisha darasa la tatu mpaka akastaafu, na wengi wa hao walioogopa simu yake aliwafundisha kusoma. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mpiga simu wa ukoo. Mtu akifa, Phineas ndiye aliyewaita walio mbali.

Kazi hiyo hakuiomba. Ilimjia zamani kwa sababu simu yake ilikuwa ya kwanza pale kijijini, na kwa sababu sauti yake haikuwa ikitetemeka. Tena ilikuwa na utaratibu wake. Kifo hakitajwi kwenye simu. Mtu aliye Nakuru au Mombasa akiambiwa kwamba mama yake amekufa, anaweza kuanguka barabarani, au apande gari akilia peke yake katikati ya watu wasiomjua. Kwa hiyo Phineas alikuwa akisema, "Mama anaumwa kidogo. Njoo nyumbani." Basi. Mengine mtu aliyakuta langoni, ambako palikuwa na mikono ya kumshika.

Watu walicheka pia. Kuna wakati alimpigia shemeji yake wa Webuye ili amwazime pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa, akaanza kwa kumjulia hali kama ilivyo ada. Shemeji hakungoja kusikia habari ya pampu. Jioni alishuka langoni na mkewe, wana kuku wawili na blanketi, mke amejifunga leso kiunoni tayari kulia. "Mwalimu," shemeji alisema alipomkuta Phineas akikamua, "siku nyingine tuma mtoto. Wewe usipiganga simu kwa jambo la ng'ombe."

Phineas alicheka pamoja nao. Siku hizo mkewe Muhonja alikuwa hai, na mtu mwenye wa kuzungumza naye nyumbani hana haja kubwa ya simu.

Muhonja alipofariki, Phineas alifanya kama alivyowafanyia wengine. Aliingia chumbani, akampigia binti yao wa pekee, Ayuma, aliyekuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja huko Athi River. "Mama yako anaumwa kidogo," alisema. "Njoo nyumbani."

Ayuma aliujua utaratibu huo tangu utotoni. Lakini mama yake alikuwa mgonjwa wa shinikizo la damu kwa miaka, na mara mbili alikuwa amelazwa akarudi. Moyo ukachagua kuamini. Alipita sokoni akanunua ndala za kuvaa wodini, chupa ya chai, na machungwa, kwa kuwa Muhonja akilazwa hakuwa akitamani kitu kingine. Alisafiri usiku mzima akiwa ameyapakata. Asubuhi alikuta vijana wanafunga turubai langoni na wengine wanateremsha viti vya kukodi. Machungwa yalibingirika mpaka mtaroni, na watoto wa jirani, wasiojua, wakayakimbilia.

Mikono ya kumshika ilikuwepo. Aliikataa yote.

Tangu mazishi hayo Ayuma hakushika tena simu ya baba yake. Hakumtukana wala hakumkana. Kila mwezi alituma kitu kupitia kwa binamu yake Cleophas, mtoto wa ndugu mdogo wa Phineas, na kupitia kwake aliuliza kama mzee anakula. Lakini Phineas alipompigia, simu ililia mpaka ikachoka. Hivyo ndivyo mwaka wa kwanza ulivyopita, na wa pili, na wa tatu.

Kisha Phineas mwenyewe akaanza kuumwa. Tumbo lilivimba upande mmoja, chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Katika hospitali ya misheni kule Mukumu daktari alimweleza bila haraka, kama mtu anayemheshimu. Ini lilikuwa limeharibika. Dawa zingempunguzia maumivu. Zaidi ya hapo daktari hakuahidi kitu.

Phineas alishukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi nje. Aligundua kwamba hana neno la kumwambia binti yake. Akiandika ujumbe kwamba anaumwa, Ayuma ataelewa kwamba amekufa na mtu mwingine ameshika simu yake. Cleophas akimpigia na kusema, "Mwalimu anaumwa," itakuwa vilevile. Neno hilo alikuwa amelitumia kufunikia maiti za ukoo mzima. Sasa alilihitaji kwa kazi yake halisi, na halikufaa tena.

"Chukua simu ya picha," Cleophas alimshauri. "Na laini mpya. Ataona namba asiyoijua, atashika, na akishika atauona uso wako. Hapo ndipo umwambie."

"Na hizo simu si ni ghali?"

"Siku hizi unachukua kwa mkataba, baba. Unalipa pole pole huku unaitumia."

Ndivyo Phineas alivyofika Kakamega mjini siku ya Jumanne, amevaa koti lake la kahawia, akaingia katika duka dogo la simu karibu na soko. Msichana wa dukani, aliyeitwa Nasambu, alimvutia kiti.

"Karibu, kuka," alisema, akimwita babu kwa lugha ya nyumbani. "Unataka ya kubonyeza ama ya kugusa?"

"Nataka ya kuonana. Mtoto wangu anione nikiongea."

"Atakuona mpaka tundu za pua." Nasambu alicheka, akaweka simu mbili kwenye kioo cha kaunta. "Hii ina kamera tatu nyuma."

"Za nyuma ni za nini? Mimi nitakuwa mbele."

Mwanamume aliyekuwa amekaa kando, akingoja simu yake ifunguliwe itolewe vumbi, alicheka. "Mzee, hizo za nyuma ni za kuona wenye wanakusengenya."

Nasambu aliielekeza simu ya kwanza usoni pa Phineas. Phineas alitazama, akamwona mtu ambaye ngozi yake ni laini, mashavu yamejaa, macho meupe kama ya kijana anayeenda kuposa.

"Huyu ni nani?"

"Si ni wewe! Hii inakung'arisha yenyewe, kuka. Watu wanaipendanga sana."

Phineas alinyoosha mkono akachukua ile nyingine, ya bei ya chini. Ndani yake alijiona alivyo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na weupe wa macho ulikuwa umegeuka rangi ya kiini cha yai. Alikuwa hajajitazama hivyo kwa muda mrefu, maana kioo cha nyumbani kilikuwa cha Muhonja na alikigeuza ukutani siku ya mazishi.

"Hiyo haina picha safi," Nasambu alimwonya. "Inaonyesha kila kitu."

"Ndiyo hii," Phineas alisema. "Hii haidanganyi."

Wakaingia kwenye mkataba. Nasambu alimweleza kwamba atalipa kila wiki, na akichelewa simu itajifunga, haitafanya kitu ila kumkumbusha. Phineas alisikiliza kwa makini ya mwalimu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Na mwenye simu akifa kabla ya kumaliza?"

"Ai, kuka! Wacha mambo kama hayo."

"Nauliza tu."

Nasambu alikuna kichwa. "Ndiyo maana tunataka jamaa wa karibu. Tunampigia hapa hapa, anakubali kwamba anakujua, na kwamba tukikukosa tutampata yeye. Nipe jina."

Phineas alikuwa na namba za ukoo mzima kichwani. Aliwapita mmoja baada ya mwingine, shemeji wa Webuye, binamu wa Chekalini, Cleophas mwenyewe. Cleophas angefaa. Lakini mtu wake wa karibu alikuwa mmoja, na jina jingine lingekuwa uongo. Alitaja namba ya Ayuma. Labda alitaka pia kuisikia sauti yake ikisema "ndiyo" kwa mtu mwingine. Hakufikiria zaidi ya hapo, na hapo ndipo alipokosea, yeye ambaye kuliko mtu yeyote alipaswa kujua simu kama hiyo inavyosikika.

Nasambu alipiga kwa simu ya duka, akaiweka sauti ya juu ili mikono yake ibaki huru. Iliita mara mbili.

"Halo?" Nyuma ya sauti hiyo cherehani nyingi zilikuwa zinanguruma.

"Habari, dada. Naongea na Ayuma? Mimi naitwa Nasambu, napiga kutoka Kakamega. Uko mahali unaweza kuongea?"

"Niko kazini. Kuna nini Kakamega?"

"Hakuna ubaya. Unamjua mzee anaitwa Phineas Khisa?"

"Ni baba yangu." Sauti ilikuwa imeshuka.

"Sawa. Nilitaka tu kuthibitisha kama wewe ndiye mtu wake wa karibu, yaani, mtu wa kupigiwa kama..."

Hakumaliza. Kilio kilichotoka kwenye simu ile kilimfanya aruke nyuma. Watu waliokuwa wakipita mlangoni walisimama.

"Baba! Baba yangu wee! Sikushika! Alipiga Jumapili nikaitazama ikilia! Mama, nisamehe, sikushika!"

Phineas alisimama, akashika ukingo wa kaunta. Kwa miaka ishirini alikuwa amewatangazia watu misiba bila kuisikia sauti hiyo kwenye simu. Sasa ilikuwa inamlilia yeye.

"Ayuma," alisema. "Ni mimi. Niko hai. Niko hapa nimesimama."

Cherehani zilinguruma. Ayuma alikuwa ameacha kulia ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Nipe yule msichana," alisema hatimaye. "Wewe msichana, huyo mzee yuko hapo? Anapumua?"

"Yuko, dada. Amevaa koti la kahawia. Anachukua simu ya mkataba, ni hilo tu."

"Simu ya nini? Si ana simu? Si hiyo ndiyo anaulianga watu nayo?"

Yule mwanamume wa kando aliinamisha kichwa, akajifanya anakagua viatu vyake.

"Nataka unione," Phineas alisema. "Nina jambo la kukuambia, na nilitaka ulisikie ukiniona. Naumwa, Ayuma."

"Usiniambie hilo neno."

"Ni kweli."

"Hata siku ile ulisema hivyo hivyo, na sauti hiyo hiyo. Nitajuaje kama ni kweli? Nitajuaje kama si kifo cha Cleophas unachonificha, au cha senje, dada yako, au cha nani?"

Nasambu alinyoosha mkono ili aizime ile sauti ya juu, lakini mzee alimzuia bila kujua kwamba amemzuia.

"Baba," Ayuma alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Sema la mama. Sema vile ungeniambia siku ile."

"Ayuma, hapa kuna watu."

"Hata langoni kulikuwa na watu. Sema."

Alijaribu. "Mama yako alituacha."

"Sema."

"Mama yako alifariki."

"Baba."

Neno lenyewe ni fupi, mtoto wa darasa la tatu analiandika bila kukosea, lakini Phineas hakuwahi kulitia kwenye simu.

"Mama yako amekufa," alisema. "Amekufa alfajiri, akinisubiri nimletee maji. Niliporudi na kikombe alikuwa amekwisha kwenda. Usinunue chochote cha kuja nacho. Njoo tu."

Ayuma alilia. Hakikuwa kile kilio cha kwanza cha kurusha watu nyuma. Alilia taratibu, kwa muda mrefu, kama mtu anayetua mzigo kichwani bila msaidizi. Phineas alikaa akaiegemea ile simu ya duka, mikono imeizunguka, machozi yakishuka kwenye ndevu, na hakuna mtu dukani aliyeuliza ataimaliza lini. Nasambu alikuwa ameshika mdomo.

Kisha Ayuma alisema, "Sasa niambie la kwako."

Alimwambia. Alilitaja ini kwa jina lake, na maneno ya daktari kama yalivyosemwa, na kwamba hali chakula kingi, na kwamba macho yamekuwa manjano. Hakusema kidogo.

"Una muda gani?"

"Hawakuniambia. Nadhani si mwingi."

"Nitaomba ruhusa hapa kazini. Ijumaa nitakuwa nyumbani. Mwambie huyo dada aandike jina langu. Mimi ndiye wa kupigiwa. Lakini asinizungushe. Mtu yeyote asinizungushe."

Simu ilikatika. Nasambu alijifuta macho kwa mkono wa sweta, akaandika jina la Ayuma, akamwonyesha Phineas mahali pa kutia sahihi. Mzee alitia sahihi pole pole, kwa mwandiko wa ubaoni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na kuku kwenye mfuko alikuwa ameingia katikati ya mambo hayo, akasimama mlangoni kwa heshima, akidhani ni msiba wa asubuhi ile. Sasa alisogea, akamshika Phineas mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Umempoteza nani?"

Phineas alimtazama. Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo tangu siku ya mazishi, kwa kuwa ukoo mzima ulijua, na kwa kuwa siku zile yeye ndiye aliyekuwa na watu wa kuwapigia.

"Mke wangu," alisema.